Daktari anasaini tu dawa za mama?

BintiMwambao: Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Mama yupo nyumba ya wazee hapa Texas tangu mwezi wa 3, aliingia na dawa 8 sasa zipo 13. Juzi nimeenda saa nane mchana nimemkuta kalala kwenye kiti, juisi imemwagikia khanga yake, namwita anafungua macho anayafumba tena. Ameshaanguka mara 2. Nikiuliza nani anapitia hizo dawa naambiwa mfamasia anakuja kila mwezi, daktari anasaini. Sasa anasaini nini na mama anasema hata sura yake haijui?

NesiWaZamu: Pole sana dada. Uliza bila woga. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inataka mfamasia apitie dawa za kila mzee walau mara 1 kwa mwezi, akiona kasoro ripoti iende kwa daktari wake, daktari mkuu wa pale na mkuu wa manesi. Na daktari lazima aandike kwenye faili kwamba kaiona na kachukua hatua gani, kama habadilishi kitu aseme kwa nini, saini tupu haitoshi! Nimefanya kazi hizi miaka 9, nimeona daktari anapitisha rundo zima kwa dakika 5 huku anaongea na simu, iliniuma maana sisi tunaowageuza usiku ndio tunaona nani kaanza kulegea.

MzeeWaKahawa: Na kumwona ana kwa ana ni kila siku 30 kwa siku 90 za kwanza, baadaye walau kila siku 60, ila baada ya ile ziara ya kwanza anaweza kupokezana na msaidizi wake. Cheki kama kuna difenhidramini, ile ya mzio inayolaza, ipo kwenye orodha ya Beers ya dawa za kuepuka kwa wazee. Mama akiomba mwenyewe, au wewe kama ndiye mwakilishi wake kisheria, faili mnatakiwa muonyeshwe ndani ya saa 24, wikiendi na sikukuu hazihesabiwi. Ila usimkatishe dawa mwenyewe tafadhali, nyingine zikikatwa ghafla ni hatari.

BintiMwambao: Wakuu nimeonyeshwa. Mfamasia aliandika tangu mwezi wa 6 dawa ya usingizi ipunguzwe, pale pa jibu la daktari kuna saini tu. Nimeipiga picha. Daktari anakuja Alhamisi asubuhi, nimeshaomba ruhusa kazini.