Kafuta santuri yangu ya Louis Armstrong kwa SPIRITI!! Huyu mtu katumwa?

Wakuu naandika mkono unatetemeka. Simtaji, mnamjua, yule ambaye Mswahili yeyote hapa Paris akiweka sufuria jikoni yeye keshafika mlangoni, halafu mikono haitulii, kila kitu lazima akishike. Jana kaja kwangu. Niko jikoni nageuza chapati, dakika 5 hazijafika, natoka namkuta ana chupa ya spiriti na kitambaa anasugua santuri yangu ya 1950, ile Armstrong, yule mwanajazi wa Marekani, kapiga na okestra ya Sy Oliver, upande huu La vie en rose, ukigeuza C'est si bon. Nyimbo za Wafaransa zimepikwa upya New York kwa tarumbeta na saksafoni, mpaka Mfaransa mwenyewe akisikia anauliza huu si wetu? Nimeisaka kwenye magulio ya Saint-Ouen, nimepiga magoti kwenye makreti ya vumbi mpaka suruali imetoboka.

Sasa kile kitambaa. CHEUSI. Cheusi tii kama sufuria la msibani. Na ananionyesha anacheka, "ona uchafu ulivyotoka kaka". Uchafu!! Hiyo ni santuri yenyewe inatoka we mtu! Santuri ya spidi 78, zile za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, sio plastiki, ni shelaki, utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe na masizi, shelaki hiyo hiyo seremala anaiyeyusha kwa spiriti apake kabati. Ingekuwa LP, zile za plastiki, labda ningepona.

Nikaiweka kwenye gramafoni. Pale mwanzo kabla hajaimba Armstrong anapiga tarumbeta polepole, ilikuwa inapanda kama meli inaingia bandarini alfajiri. Sasa hivi mtu anakaanga dagaa. Dagaa mwanzo mwisho, saksafoni za nyuma hata sizisikii. Namwambia umeniua, ananijibu "si usikilize YouTube tu". Na kitambaa, kile cheusi, KAKITUNDIKA kwenye kiti changu kikauke. Halafu nakiangalia vizuri kumbe ni fulana yangu!!!

Mla Mandazi: Pole sana mkuu. Chapati lakini ziliungua au mlikula?

Binti Pwani: Unaacha spiriti mezani na yule yumo ndani, umeyataka. Mimi kaazima pasi yangu tangu Ramadhani, nikimpigia anasema yuko kwenye treni. Treni gani hiyo haifiki?

Fundi Spika: Povu lote hili kwa C'est si bon? Wamarekani ndo wameziharibu hizo nyimbo kabla ya spiriti. Mfaransa Charles Trenet kaimba La mer (bahari) yake imetulia, unayaona mawimbi, wakaigeuza Beyond the Sea, Bobby Darin 1959 na matarumbeta mpaka bati linang'oka. Bahari ikakauka.

Mwenye uzi: Usiniletee La mer hapa. Pale bendi ya Darin inapolipuka katikati ndo bahari yenyewe imechafuka, nenda kasikilize tena. Mimi naongelea KITAMBAA. Kilikuwa cheusi jamani.

Fundi Spika: Tumesikia kitambaa. Feuilles mortes nayo je, ile Wamarekani wanaiita Autumn Leaves? Mtunzi wake Kosma kaiandika kwa huzuni, leo kila bendi ya hoteli inaikimbiza kama inawahi basi.

Mla Mandazi: Kwangu alisaidia kuosha vyombo. Sufuria la teflon kalisugua kwa steelwire, teflon tukala na wali wiki nzima.

Binti Pwani: Jamani aliyeiona pasi. Ya bluu, ya mvuke, waya una plasta nyeupe karibu na plagi.

Mla Mandazi: Plasta nyeupe? Dada yangu Brussels anayo kama hiyo, kauziwa euro 10 na huyo huyo.

Binti Pwani: KAUZIWA???

Mwenye uzi: Wakuu, santuri

Binti Pwani: Subiri kwanza wewe. Mandazi nipe namba ya dada yako pm.