Tupeane uzoefu: GPA (wastani wa alama za chuo) ya mwaka wa kwanza ilikukutaje?

Mtoa mada: Mdogo wangu kanipigia jana usiku analia, matokeo ya semista ya kwanza yametoka. Nikakumbuka yangu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwenye daftari: A mbili, B, C na D, yaani 4, 4, 3, 2 na 1, nikagawa kwa tano, 2.8. Nafungua mfumo, 2.6. Nikajua nimeibiwa! Kumbe kila kozi ina krediti zake, yaani uzito wake: A zangu zilikuwa za krediti 3 na 2, B na C krediti 3 kila moja, na ile D ya hesabu ndiyo yenye krediti 4. Unazidisha pointi za kozi kwa krediti zake, unajumlisha, unagawa kwa krediti zote: 39 kwa 15. Wenzangu je?

Kalamu Kavu: Hii ya krediti hakuna anayekuambia mpaka uumie.

Bingwa: Mimi nilianza na 3.8. Kusoma tu jamani.

Chura Mkimya: Ya mwisho 4 au ya mwisho 5?

Bingwa: Inahusu nini?

Chura Mkimya: Ya 4 wewe ni moto. Ya 5 uko na sisi huku.

Bingwa: Wivu.

Chura Mkimya: Hujajibu.

Mama Sapu: Acheni hayo. Mimi nilipata 1.8, na F kwenye kozi ya krediti 4. Kozi niliyokuwa nawaelekeza wenzangu! Nikazima simu siku mbili. Nikapanga nguo kwenye begi, nikazitoa, nikazipanga tena. Nyumbani nikadanganya matokeo bado, mzee akauliza, "Mbona mtoto wa jirani kaona yake?" Niliyekaa naye chumba kimoja ndiye aliyenikokota hadi kwa mwalimu. Mwalimu akafungua faili, akashusha kidole hadi kwenye jina langu: sehemu ya kazi ya kikundi, tupu. Jina langu halikuwa kwenye jalada la kazi hiyo. Aliyechapa jalada? Mchumba wangu. Nikasaini fomu wiki tatu, F ikawa C, 1.8 ikawa 2.33.

Kalamu Kavu: MCHUMBA???

Hesabu Kichwani: Mtoa mada, mwambie asikate tamaa. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 2.0 kwa krediti 30, ukapata 3.5 kwenye 90 zilizobaki, unatoka na 3.125.

Chura Mkimya: Kwenye karatasi hata mimi naolewa na mfalme.

Mzoefu: Arudie kozi zilizomwangusha.

Sina Haraka: Asirudie kabla hajasoma kanuni! Kuna vyuo alama mpya inafuta ya zamani, kuna vingine zote mbili zinahesabiwa. Mimi nilirudia, sikupanda hata kidogo.

Mzoefu: Basi asirudie. Alale.

Kalamu Kavu: Mama Sapu usitukimbie. Mchumba uliachana naye?

Mama Sapu: Yuko hapa sebuleni. Fomu zote za nyumba hii najaza mimi.