Re: Mtoto ameshafika, makaratasi yaliyobaki ni yapi?

Kutoka: Mjomba, Columbus

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Tumerudi Ohio mwezi uliopita baada ya miaka kadhaa ya kazi Arusha, na safari hii tumerudi watatu. Mtoto ni wa marehemu dada yangu, na baba yake naye alishatangulia. Ana miaka saba. Mahakama Kuu ilitoa amri ya kuasili, RITA, ile ofisi ya vizazi na vifo ya Tanzania, wakatoa cheti, ubalozi ukatoa visa, tukapanda ndege. Ndugu wanatupongeza kana kwamba mambo yamekwisha, ila mimi roho haijatulia. Alichonacho mtoto ni pasipoti ya Tanzania yenye visa, basi. Tumwombee grini kadi? Tuanze upya mahakamani huku? Wakili tuliyempigia anataka hela kabla hajasikiliza hata swali.

Kutoka: Mama Wawili, Houston

Marahaba kwa niaba ya wakubwa, na hongereni sana. Mungu awakuzie.

Kabla hujamlipa wakili, fungua pasipoti usome aina ya visa, maana kila kitu kinategemea hapo. Kama imeandikwa IR-3, maana yake kuasili kumekamilika huko huko nyumbani. Mtoto wa namna hiyo haombewi grini kadi. Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, mtoto aliye chini ya miaka 18, ambaye mzazi wake mmoja ni raia wa Marekani, akiingia na visa hiyo kuja kuishi na mzazi huyo, anakuwa raia pale pale anapopitishwa na afisa wa uhamiaji uwanja wa ndege. Kwa hiyo wakati mnasubiri mabegi, mwenzenu alikuwa ameshakuwa Mmarekani.

Shida ni kwamba uraia anao lakini karatasi ya kuuthibitisha hana. Kwa IR-3, idara ya uhamiaji hukutumia cheti cha uraia kwa posta bila wewe kuomba na bila ada. Ndiyo maana anwani mliyoandika kwenye fomu za visa ni jambo kubwa. Kama mmehama tangu hapo, wajulisheni leo, msingoje kesho. Kikifika, kisome herufi kwa herufi: majina matatu, tarehe ya kuzaliwa, nchi. Majina yetu wanayapanga wanavyotaka, la babu linakuwa la ukoo, la baba linapotea. Kosa hilo ni rahisi kulirekebisha sasa kuliko mtoto akishakuwa na miaka 17 anaomba chuo.

Mengine niyataje haraka. Bima ya afya ya kazini: una angalau siku 30 za kumwingiza mtoto wa kuasili nje ya msimu wa kujiandikisha, na siku hizo hazisubiri cheti cha uraia. Kama ulikuwa Arusha bila bima ya huku, basi uliza kazini una siku ngapi za kujiandikisha tangu uanze kazi. Kama aliruhusiwa kuingia bila chanjo zote, ulisaini ahadi ya kumchanja ndani ya siku 30 tangu aingie, kwa hiyo usiichezee. Na mwambie daktari waziwazi kwamba mtoto ametoka nchi yenye malaria, maana madaktari wengi huku homa ya mtoto wanaanza kuihesabu kuwa mafua. Namba ya Social Security nendeni mkaombe ofisini kwao na pasipoti yenye visa. Cheti cha uraia kikija mrudi, kwa sababu kumbukumbu zao zinaweza kuwa zimemwandika kuwa si raia.

Pasipoti ya Marekani naiweka peke yake. Iombeni mapema, wazazi wote wawili mwende naye, mkiwa na amri ya mahakama na pasipoti ile yenye visa. Raia wa Marekani anatakiwa kuingia na kutoka nchini kwa pasipoti ya Marekani, sasa msije mkakata tiketi za Desemba kwenda kumwonesha bibi yake halafu mkaanza kuhangaika. Ila ya mtoto inadumu miaka 5 tu. Cheti cha uraia hakiishi muda, hivyo hata ukiwa na pasipoti mkononi, cheti kidai.

Kwenye kodi kuna fomu 8839, ya kudai nafuu ya kodi kwa gharama za kuasili. Nauli, hoteli, ada za mahakama na za wakala vinahesabika, na kwa mtoto wa kutoka nje unadai mwaka ambao kuasili kumekamilika, hata kama gharama zilianza zamani. Kwa mwaka wa kodi 2025 kiwango cha juu ni dola 17,280 kwa mtoto, na kuanzia mwaka huo hadi dola 5,000 unaweza kurudishiwa hata kama kodi yako ni ndogo. Tunzeni risiti, hata zile za kuandikwa kwa mkono.

Kutoka: Shemeji wa Waganda, Minneapolis

Mama Wawili amemaliza upande wa IR-3. Sisi tulikuja na IR-4, kwa sababu mahakama ya Kampala ilimpa mke wangu ulezi wa kisheria tu. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Mtoto anaingia kama mkaazi, anapata grini kadi, na uraia hauji mpaka mkamilishe kuasili kwenye mahakama ya jimbo lenu. Ndipo mnapeleka fomu N-600 kudai cheti. Kabla ya kulipa chochote angalieni jedwali la ada, kwa sababu kanuni ya ada ya 2024 iliwapa nafuu watoto wa kuasili.

Wengi wa IR-4 huishia kwenye grini kadi. Wanaona mtoto anasoma, ana bima, wanatulia. Sasa waulizeni watu waliochukuliwa wachanga kutoka Korea, wazazi wao huku wasimalizie, wakaja kugundua wakiwa na watoto wao wenyewe kwamba si raia. Ile sheria ya 2001 haiwagusi waliokuwa wameshatimiza miaka 18 siku ilipoanza, na wapo waliorudishwa Korea bila kujua hata neno moja la Kikorea.

Kutoka: Mwanatanga, Columbus

Asalaam alaykum. Mjomba, tuko mji mmoja, tutafutane.

Nyongeza kuhusu jimbo letu. Mahakama inayoshughulikia kuasili Ohio ni ile ya mirathi ya kaunti, usishangae ukielekezwa huko. Amri ya nyumbani haibatiliki usipokwenda, lakini ukiiandikisha unapata hati ya kuzaliwa ya jimbo, na shule na ofisi za huku zinaielewa hiyo kuliko karatasi ya RITA.

Jambo la pili ni la kwetu sisi Waislamu, na nalisema kwa sababu maafisa hawatakuuliza. Kuasili hakukulazimishi kubadili jina la mtoto. Sisi tulimwachia la baba yake, kama Qur'ani inavyoagiza katika Al-Ahzab, na hakimu hakuwa na neno. Hati mpya itawaandika nyinyi kuwa wazazi, kwa hiyo cheti chake cha kwanza, kile chenye majina ya marehemu wote wawili, kitunzeni pamoja na vyeti vya vifo. Siku ya mirathi ya babu yake, au ya kuozeshwa, ndicho kitakachosema yeye ni nani.

Kutoka: Mjomba, Columbus

Nimefungua pasipoti: IR-3. Asanteni sana, wakili tumemwacha. Nimebakiwa na moja. Amri yetu ya Mahakama Kuu imeandikwa kwa Kiswahili. Lazima niende kwa kampuni ya tafsiri?

Kutoka: Mama Wawili, Houston

Si lazima kwa uhamiaji. Wanataka tafsiri kamili ya Kiingereza, na chini yake mfasiri athibitishe kwa maandishi na sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Usitafsiri mwenyewe, mpe mtu asiye na maslahi. Mahakama ya kaunti inaweza kuwa na masharti yake, kwa hiyo mpigie karani kwanza. Mwanatanga, si wewe ulikuwa mwalimu wa Kiingereza shule ya Galanos?