Maji ya mto yanatuharisha, naombeni ushauri

Kandoyamaji: Wakuu, habari zenu. Sisi huku mtoni tunachota humohumo, ya kunywa na ya kupikia. Tangu mvua zianze, matumbo nyumba nzima hayatulii. Natia shabu, tope linazama, maji yanang'aa kabisa. Niongeze shabu au nihamie sehemu nyingine ya kuchotea?

Mzee_Kasia: Shabu inazamisha tope, haiui vijidudu. Maji yanaweza kung'aa na yana kinyesi. Yachuje, yachemshe mpaka yatokote, yafunike. Hata klorini hushindwa kwenye maji ya tope.

BintiNanga: Kuni zikikosekana, marehemu mama alikuwa analaza chupa angavu za plastiki juu ya bati, saa 6 za jua kali. Mawingu yakitanda, siku 2. Na ole wako uguse kabla ya muda huo!

Mlinzi wa Kingo: Watu wanajisaidia kingoni, mifugo inashinda majini, mvua inasomba vyote. Tujiheshimu kwanza.

Tabibu Mstaafu: Anayeharisha zaidi ni nani? Ana umri gani? Kuna damu?

Kandoyamaji: Mdogo, mwaka 1 na nusu. Tangu juzi choo kina damu na makamasi. Lakini nimeshampa vidonge vilivyobaki vya kaka yake, na maji nampunguzia ili kukate. Kituo cha afya ni mbali, nimepanga tusubiri kidogo.

HakiTupu: Hii chai, hadithi ya kutunga. Mtoto anaharisha damu wewe unauliza shabu? Halafu umejiunga leo.

Kandoyamaji: Nimejiunga kwa ajili ya hili. Shabu ndiyo niliyoweza kuuliza bila kusemwa.

Tabibu Mstaafu: Chai au si chai, kuna mzazi mwingine anasoma. Mtoto akiharisha damu anapelekwa kituoni leo. Hivyo vidonge acha. Maji usimnyime hata kidogo, kukaukiwa ndiko kunakoua. Kama huna ORS, ile chumvichumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogokidogo, na kama ananyonya aendelee. Finya ngozi ya tumbo uiachie. Inarudi upesi?

Kandoyamaji: Taratibu. Macho nayo yameingia ndani. Jirani anatoa mtumbwi, tunaondoka.

Tabibu Mstaafu: Mnyweshe njiani, mwanangu. Mkifika taja vidonge ulivyompa, na useme mnakunywa maji ya mto na wengine nyumbani wanaharisha.