Naomba ushauri: kasri za Denmark nikiwa na mama mwenye shida ya magoti

Habari zenu ndugu. Julai nitakuwa Copenhagen kwa dada yangu, pamoja na mama, miaka 71. Magoti yanamsumbua, ila bustani anazipenda mno. Hapiti penye ua bila kuinama kulinusa.

Nina siku mbili tu. Ya kwanza ni Frederiksborg, Hillerød: kasri limekaa juu ya visiwa vitatu vidogo ziwani, na ng'ambo kuna bustani yenye maji yanayoshuka ngazi kwa ngazi. Ya pili ndiyo inanitatiza. Kronborg ya Helsingør, karibu kwa treni, au Egeskov ya mwaka 1554, iliyosimama majini juu ya nguzo za mwaloni, lakini mpaka kisiwa cha Fyn?

Mliokwenda na mzazi, mabenchi yapo ya kutosha? Mlima wa bustani ya Hillerød atauweza?