Mwalimu wa msingi Likoni, nataka kugombea uwakilishi wadi 2027. Niache kazi?

Mwalimu wa Shika Adabu:
Assalam aleikum wanajamvi. Nafundisha shule ya msingi ya serikali huku Likoni, Mombasa, mwajiri wangu ni TSC, tume ya walimu. Wazazi na vijana wa mtaani wameniandama nigombee udiwani. Nia ninayo, na sababu naiona kila Januari: mtoto anaingia gredi ya kwanza penseli anaishika kama kisu. Chekechea ni kazi ya kaunti, na pa kuibana kaunti ni kwenye bunge lake. Nitakaa darasani nikitengeneza kilichoharibika hadi lini?

Kinachonizuia ni mshahara. Nina mke, watoto watatu na mkopo wa sacco. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027, na mtumishi wa umma lazima ajiuzulu miezi sita kabla. Nishaurini.

Bin Mtongwe:
Waaleikum salaam mwalimu. Kalenda ndiyo itakayokubana. 2022 mwisho wa kujiuzulu ulikuwa 9 Februari, mchujo wa vyama ukaja Aprili. Yaani unaacha chaki hujui kama tiketi utapata. Ukiangushwa mchujoni, kazi huna na kwenye karatasi ya kura humo. Mwakilishi aliyeko kitini sheria hiyo haimgusi, anaendelea kupokea mshahara wake. Hiyo kwangu ni dhuluma tupu.

Kijana wa Timbwani:
Gombea mwalimu! Moi naye alitoka darasani, akaingia Baraza la Kutunga Sheria 1955, 1978 akawa rais.

Mama Wawili:
Mwanangu, mkeo anasemaje? Umemtaja kwenye hesabu ya matumizi tu. Siasa inaingia mpaka jikoni. Baba watoto aligombea, watu wakawa wanapiga hodi kabla ya adhana ya alfajiri: huyu ana maiti, huyu karo, huyu dawa. Na wote uwakaribishe chai. Kama mkeo hajaridhia kwa moyo wake, usiandike barua yoyote.

Wakili wa Mtaa:
Fikiria kuwa mgombea huru. Unahitaji kuungwa mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa wadi yako, na usiwe mwanachama wa chama chochote angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Utaepuka mchujo, ila kujiuzulu kuko palepale. Waulize TSC kwa maandishi pensheni yako itakuwaje, na sacco wakupe hesabu kamili ya deni. Ukiwa bado kazini, fulana ya chama usivae na jukwaani usipande.

Mwalimu wa Shika Adabu:
Ahsanteni sana. Mama, umenigusa, leo baada ya isha nakaa na mke wangu, nimwonyeshe hesabu yote, deni na yote. Akiridhia, nitakwenda kwa njia ya mgombea huru. Wakili, hizo saini 500 zinaruhusiwa kukusanywa kuanzia lini, na fomu yake inatoka tume ya uchaguzi, IEBC, au naiandika mwenyewe?