Binti kashinda sataranji kwa Dragoni, mwamuzi anamvua kilemba mbele za watu! Haki gani hii?

Wakuu, nina hasira na sitazunguka.

Raundi ya mwisho ya mashindano ya sataranji ya wanawake, mwenzetu ana kete nyeusi, mpinzani anamzidi reti (alama za kiwango cha mchezaji) kwa mbali, na sare haimsaidii kitu. Akaingia Sisilia, ulinzi wa mweusi, tena mkondo wake mkali uitwao Dragoni. Wanaocheza sataranji wanajua kwamba huo si ulinzi wa kujificha. Mweupe alimpeleka mfalme upande wa malkia, akaanza kusukuma askari wa safu ya h kuja kubomoa. Mweusi naye ngome yake iko safu ya c, inasubiri. Hapo anayechelewa hatua moja amekwisha. Binti akatoa ngome kafara ili ale farasi kwenye mraba wa c3! Askari waliomkinga mfalme mweupe wakavurugika, farasi wake mwenyewe akaingia, malkia akafuata, na saa ya mpinzani inakwenda. Mpinzani akasalimu amri huku bado ana ngome moja zaidi yake.

Badala ya pongezi, kocha wa upande wa pili akamwendea mwamuzi: eti binti yule hawezi kuiona hatua ile peke yake. Kafara ya c3 ni ya zamani mno, kila anayejifunza Dragoni anaanza nayo! Ushahidi hakuleta. Mwamuzi, mwanaume, akamwaga mkoba wake mezani, kisha akamwamuru avue kilemba, ukumbi mzima unatazama.

Sheria za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, kifungu cha 11.3, zinamruhusu mwamuzi kumpekua mchezaji, sikatai. Lakini zinataka ifanyike faraghani, na anayepekua awe wa jinsia moja na anayepekuliwa. Yote mawili yamekanyagwa. Simu ya kumsaidia haikuonekana, na samahani haikutoka.

Siku hiyohiyo upande wa wanaume kijana alitoa kafara ya malkia, akapigiwa makofi. Hakuna aliyemgusa hata mfuko.

Mwanamke wa Hungaria, Judit Polgár, alipata ugrandimasta, cheo cha juu kabisa cha sataranji, mwaka 1991 akiwa na miaka 15, akaivunja rekodi ya Bobby Fischer ya kukipata akiwa mdogo zaidi. Mwaka 2002 akamfunga Kasparov, bingwa wa zamani wa dunia. Leo bado tunabishana kama mwanamke anaweza kuhesabu hatua nne mbele?

Tumeandika barua kwa waandaaji, kimya. Tunataka mwamuzi yule aombe radhi hadharani, kama alivyomdhalilisha hadharani. Uliyekuwepo ukumbini na uko tayari kuandika ulichokiona na kutia saini, jitokeze hapa. Kocha naye akipita, aweke ushahidi wake.